Mzima Aendaye India

Unguja mtu haendi India, hupelekwa. Hupelekwa na figo, hupelekwa na moyo, hupelekwa na uvimbe uliowashinda madaktari wa hapa. Jamaa hukusanyika, dua husomwa, mgonjwa hutafutiwa mtu wa kumsindikiza, na siku ya kuondoka watu humkodolea macho kama wanaotaka kuihifadhi sura yake. Wengi hurudi wazima, alhamdulillahi. Wengine hurudi ndani ya sanduku. Lakini mtu aliyekwenda India kwa miguu yake mwenyewe, hana maradhi, hana biashara ya vitambaa, hana mtoto anayesoma huko, amekwenda tu kuangalia watu wanavyoamka, wanavyopika na wanavyogombana sokoni, mtu huyo mtaani Kiponda alikuwa hajaonekana bado.

Salhiya alitaka kuwa mtu huyo.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mpishi katika hoteli ndogo ya Shangani. Kazi yake ya asubuhi ilikuwa kukaa juu ya mbuzi akakuna nazi, huku wageni waliolipia somo la mapishi wamemzunguka na simu zao. Walimpiga picha mikono, wakampiga picha mtandio, wakamuuliza kwa nini anakaa chini ilhali viti vipo. Walitaka kujua anakula nini asubuhi, anaishi na nani, ana furaha au hana. Aliwajibu wote kwa upole, kwani ndiyo kazi, na nazi haikunwi kwa hasira. Hakuna aliyewahi kuwauliza wao wanaumwa nini hata wakaacha kwao, wakapanda ndege mbili, kuja kumtazama mwanamke akikuna nazi. Wenye nguvu wakitoka makwao kwenda kuangalia maisha ya wenzao huitwa wasafiri. Mtu wa Kiponda akilitaka lilo hilo, hutafutiwa ugonjwa. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo mahali popote, na sheria isiyoandikwa haina pa kufutwa.

Miongoni mwa wageni hao alikuja siku moja mama mmoja wa Ahmedabad, mwalimu mstaafu, jina lake Kokila. Huyu hakupiga picha. Alipandisha sari yake, akaomba mbuzi, akakuna nazi vibaya sana. Salhiya akamwelekeza kwa Kihindi, Kihindi alichokipata kwenye sinema alizokuwa akiziangalia na mama yake miaka nenda miaka rudi. Kokila alicheka mpaka akashika ukuta.

"Nimesema nini hasa?" Salhiya aliuliza.

"Umesema vizuri. Ila umesema kama mfalme anayemhukumu mtu kifo."

Tangu siku hiyo wakawa wanatumiana sauti kwenye simu. Kokila akimweleza bei ya bamia, Salhiya akimweleza mvua ya masika ilivyoingia ukumbini. Mwaka wa pili Kokila alisema: njoo ukae kwangu wiki tatu. Sitakuonyesha majumba ya wafalme, nitakuonyesha soko na dada zangu. Salhiya aliisikiliza sauti ile mara kadhaa, kisha akaanza kuweka akiba. Pasipoti akaipata, tiketi akaikata, viza ya matembezi ikatoka. Alipoisoma ile viza alihisi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kamili.

Sababu nyingine hakumwambia hata Kokila. Alikuwa mpweke. Aliachika ujanani bila ya mtoto, na miaka yake mingi ilikwenda katika kumuuguza mama yake. Mama alipofariki na tanga likaondoka, nyumba ilinyamaza. Majirani hawakuwa wabaya. Kila mmoja alikuwa na yake. Salhiya alijifunza kupika wali wa mtu mmoja, jambo gumu kwa mpishi. Jioni alipowasha televisheni alikaa upande wake wa mkeka, ule wa mama akauacha. Zilipita wiki mlango wake haukusikia hodi. Mdogo wake wa pekee, Hamid, fundi mwashi wa Bwejuu, hakuwahi kupanda ngazi zile tangu siku ya maziko, aliposema mbele ya watu: "Umemficha mama yetu mjini mpaka kafa bila ya kuiona bahari ya kwao." Salhiya hakumjibu, na kutojibu kwake kukageuka ukuta.

Basi akajitayarisha peke yake, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi, alijitayarisha kwa bidii. Alinunua viatu vizito vya kutembelea na kila alfajiri akatoka navyo Kiponda mpaka Mbweni, akarudi amelowa jasho, ili miguu iizoee Ahmedabad. Kwa Kokila hawali nyama wala samaki, kwa hiyo akaacha samaki, akala dengu na mboga, tumbo lijifunze mapema. Akafungasha kanga pea mbili na mkeka mwembamba wa ukili wa kumpelekea mwenyeji wake.

Kosa lake lilikuwa kumwambia Bi Mashavu.

Bi Mashavu alikuwa mjane wa ghorofa ya juu, mama wa watu wote wa nyumba ile, wapende wasipende. Walikutana kwenye ngazi.

"Shikamoo, Bi Mashavu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umevaa viatu vya askari?"

"Navizoea. Nnakwenda India mwezi ujao."

Bi Mashavu aliweka kikapu chini. "Panauma wapi?"

"Hapaumi. Nnakwenda kutembea."

"Hewallah. Kutembea. Na nani anakupeleka?"

"Hanipeleki mtu. Nnakwenda peke yangu."

"Peke yako. Ishakuwa kubwa hivyo, hata hutaki watu wajue?"

"Wallahi mimi mzima, Bi Mashavu."

"Usiape, mwanangu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Marehemu Jecha wa chini hapo alituaga akasema anakwenda Bombay kununua redio. Tukampokea amelala." Alimshika Salhiya mkono, akaubinya kidogo kama anayepima embe. "Na umekonda."

Ijumaa alikuja na kombe: sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani, ikaoshwa kwa maji ya waridi. "Sema bismillahi, kunywa mafunda matatu." Salhiya alitaka kueleza tena. Lakini ajuza alikuwa ameibeba sahani ile kwa mikono miwili, ngazi baada ya ngazi, bila ya kumwaga tone. Salhiya akanywa.

Baada ya hapo kila tayarisho likawa dalili. Matembezi ya Mbweni: daktari kamwamrisha. Dengu: kakatazwa nyama. Viatu: miguu inavimba. Hotelini, Faiza, msichana aliyefanya naye kazi jikoni, alimwona akipitisha sahani ya changu bila ya kuionja.

"Na samaki huli tena, dada?"

"Nnajizoesha. Ninakokwenda hawali."

"Hospitali zao ndivyo zilivyo," Faiza alisema, akageukia sinki ili machozi yasionekane.

Mpishi mkuu, Wakil, mtu ambaye hakuwahi kumwambia neno ila la chumvi, alimwondoa kwenye mbuzi akamwekea kiti. "Kaa, Bi Salhiya. Sufuria hilo tutalinyanyua sisi."

"Wakil, mimi siumwi."

"Najua. Kaa tu."

Alikana kwa Wakil, akakana kwa Faiza, akakana kwa muuza mkaa na kwa mke wa imamu. Kila akikana, sauti za watu zilizidi kuwa laini, kwani nani asiyejua kwamba mgonjwa mwenye haya husema hivyo hivyo. Mwisho alichoka. Wakaanza kuja. Mmoja na boko-boko, mmoja na uji wa pilipili manga, mmoja na chila, mabakuli yakajaa rafu za jikoni. Walikuja baada ya magharibi, wakavua viatu mlangoni, wakakaa mkekani, wakazungumza mambo ya watu. Walimkumbusha mama yake alivyokuwa akicheka. Mmoja alimsuka nywele. Mwengine, aliyekuwa hasemeshani naye kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo, alimwomba radhi, wakakumbatiana.

Hapo Salhiya alinyamaza. Hakusema anaumwa, hakusema tena haumwi. Alipoulizwa "Umeamkaje?" alijibu "Alhamdulillahi," neno linalomfaa mzima na mgonjwa sawasawa. Wageni wakishaondoka, ubani wao ulibaki kwenye mapazia, naye alilala ndani ya harufu ile kama mtoto. Alijua anachofanya. Alikuwa akila chakula kilichopikiwa mtu mwengine, mtu anayekufa, na kilikuwa kitamu. Nani wa kumlaumu? Mimi ningeanza kwanza na mji unaomjua mtu wake pale tu anapopewa habari za kifo chake. Lakini Salhiya hakuwa mtu wa kuulaumu mji. Alijilaumu nafsi yake, kimya kimya, kisha akasubiri hodi ya kesho yake.

Hodi iliyokuja kesho yake ilikuwa ya mwanamume.

"Karibu."

Hamid alisimama mlangoni na kikapu cha muhogo na pweza mkavu. Mvi zilikuwa zimemwingia ndevuni. Nyuma yake alisimama mkewe, Mwanapili, akitazama chini.

"Dada."

"Naam."

Aliingia akakaa upande wa mama, bila ya kujua. Mwanapili alikipeleka kikapu jikoni na kuwaachia nafasi.

"Nani kakwambia?" Salhiya aliuliza.

"Mji mzima unajua. Mimi, ndugu yako, nimeambiwa na muuza saruji. Ananipimia mifuko, ananiambia pole kwa dada yako. Nikamwambia dada yangu yupi."

"Wewe una dada wangapi?"

"Ndiyo hayo." Akaufuta uso kwa kiganja. "Nilisema maneno mabaya siku ile."

"Yashapita."

"Hayajapita. Mtu hawezi kumwacha dada yake aende safari hii na maneno yale moyoni." Akatoa mfukoni picha ndogo nne. "Nitakwenda na wewe. Mgonjwa haendi peke yake. Nshapiga za pasipoti."

Katika picha zile Hamid alikuwa amevaa shati la kuazima lenye kola ngumu, amekodoa macho kama aliyesimamishwa mbele ya hakimu. Salhiya alizitazama. Alimwona yule mtoto ambaye yeye alikuwa akimbeba mgongoni kwenda chuoni kusoma Kurani. Alitaka kusema: Hamid, siumwi, mimi mzima, nnakwenda kutembea.

"Hamid."

"Naam, dada."

"Umekula?"

Kwa hivyo nafasi ile ikapita. Hamid alibaki mjini na mkewe kutafuta pasipoti, wakalala kwa rafiki yake Malindi, na kila jioni wakaja kula na Salhiya. Salhiya alimpikia wali wa watu watatu. Alizihesabu furaha zake na kila moja aliiona ina nyufa. Alikuwa ametaka kwenda peke yake, mzima, na wakati huo huo alitaka asiwe peke yake duniani. Na sasa mambo hayo mawili yalikuwa yamesimama mlango mmoja, na mlango ni mwembamba. Akisema kweli, atampoteza Hamid mara ya pili. Asiposema, atakwenda India kama mgonjwa, ameshikwa mkono, na Kokila atafungua mlango wake aone watu wawili na uongo.

Bi Mashavu ndiye aliyepanga kisomo. Kikawekwa Alhamisi baada ya alasiri, siku chache kabla ya safari. Wanawake walijaa ukumbini mpaka kwenye ngazi, wanaume wakakaa na Hamid barazani chini. Pilau ilikuwa jikoni tayari. Juzuu ziligawiwa, sauti zikapanda kwa pamoja kama nyuki, na Salhiya akawekwa katikati, ameegemezwa mto. Alisoma nao. Ilikuwa zamani hajasoma na watu wengi kiasi hicho, na kwa muda alisahau kwa nini wamekuja.

Kisha Bi Maryam, aliyeongoza kisomo, akainua mikono. Wote wakainua.

"Yarabi, mshushie shifaa mja wako Salhiya."

"Amin."

"Yarabi, uyatoe maradhi katika mwili wake, yanayojulikana na yasiyojulikana."

"Amin."

Salhiya alifungua mdomo aseme amin, mdomo ukakataa. Jirani unaweza kumwacha aamini anachotaka. Mpishi mwenzio unaweza kumwacha akuwekee kiti. Lakini hapa mikono yote ile ilikuwa imeelekezwa kwa Asiyedanganyika, nayo inaomba kitu ambacho mwenye kuombewa anajua hakihitajiki. Alikuwa mwanamke wa kuogopa Mungu. Zaidi ya hapo hapakuwa na njia.

"Bi Maryam, samahani," alisema. "Msiniombee shifaa."

"Usikate tamaa, mwanangu."

"Sijakata. Siumwi." Alijitoa kwenye mto, akakaa sawa. "Sina maradhi yoyote. Nnakwenda India kutembea, kwa mwanamke niliyejuana naye hotelini. Niliwaambia hivyo tangu mwanzo, hamkusadiki. Halafu mkawa mnakuja, nikanyamaza, kwa sababu nilipenda mje. Hilo ni kosa langu na nnakuombeni radhi. Lakini siwezi kusema amin."

Mikono ilibaki hewani kwa muda, hakuna aliyejua aiteremshe vipi.

"Na kombe ulilokunywa?" aliuliza Bi Mashavu.

"Nimekunywa."

"Umekunywa maneno ya Mwenyezi Mungu kwa maradhi usiyokuwa nayo."

"Nilikwambia kwenye ngazi, Bi Mashavu. Nikaapa."

"Ungeapa tena."

"Kwani unakwenda kufanya nini huko?" aliuliza mwanamke wa dirishani.

"Kuangalia wanavyoishi."

"Kuangalia tu?"

"Kuangalia tu."

"Kumbe tulikuwa tunamlilia mtalii," ikasema sauti kutoka kwenye ngazi, na kicheko kikapita ukumbini, kicheko kisichokuwa na huruma nyingi. Aliyemsuka nywele hakucheka. Alikunja msala wake.

Bi Maryam alikohoa. Kisomo kishasomwa, alisema, na thawabu hazitupwi; tuwarehemu maiti wetu. Akaomba dua ndefu, akawataja marehemu wa nyumba ile mmoja mmoja, na mama yake Salhiya miongoni mwao. Dua ya msafiri ipo, inajulikana, hata watoto wa chuoni wanaisoma. Salhiya aliisubiri. Haikusomwa.

"Pilau haina kosa," alisema mmoja, na wakala, lakini walikula kama watu wanaowahi mahali. Viatu vikaondoka mlangoni pea baada ya pea. Mwanapili tu ndiye aliyebaki, akaosha sinia. Alikuwa mkulima wa mwani, mikono yake imebabuka kwa maji ya chumvi, na Salhiya alikuwa hajawahi kumsikia akisema sentensi tatu mfululizo.

"Wifi," alisema bila ya kugeuka, "mimi kila maji yakipwa nimo kwenye mwani, nao watalii wamo juu yangu na simu zao. Wanawake tu, mmoja mmoja. Sijamwona hata siku moja aliyekuja na kaka yake kumshika mkono." Alipindua sinia ikauke. "Usimwambie Hamid kama nimesema."

Hamid alipanda ngazi taratibu. Alisimama, hakukaa.

"Huumwi."

"Siumwi."

Kifua chake kilishuka, na kwa dakika moja uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa kitu. Halafu hasira ikaingia mahali pale pale.

"Nimeacha kazi ya watu nusu ukuta. Nimekuja kwa sababu unakufa."

"Nami nilitaka uje."

"Ungeniita."

"Ningekupigia nikakwambia, Hamid, mimi mzima ila niko peke yangu, njoo ukae na mimi jioni moja, ungekuja?"

"Ningekuja."

"Lini?"

Kutoka barazani zilisikika sauti za wanaume wakiagana.

"Basi usiende," Hamid alisema mwisho. "Umeshaonekana huumwi, huna tena sababu. Mgonjwa ana dharura, hata asipokuwa na maharimu wa kumsindikiza watu watamwelewa. Mzima hana udhuru. Mwanamke peke yake, nchi ya watu, kwa mtu wa dini nyengine."

"Kwa hiyo nikiumwa nina ruhusa, nikiwa na afya yangu sina?"

"Sheria hiyo sikuiweka mimi."

"Najua hukuiweka wewe. Nakuuliza kama unaiona sawa."

Hamid hakuwa mtu wa kuulizwa hivyo, na dada yake hakuwahi kumuuliza hivyo. Alichukua kofia yake juu ya televisheni.

"Radhi ya safari hii sikupi," alisema. "Na kukuzuia sikuzuii. Wewe mkubwa kwangu." Akamwita mkewe, wakashuka.

Jikoni yalibaki mabakuli. Hakuna chombo cha jirani kinachorudi kitupu. Hilo hata mwenye kununiwa halivunji. Salhiya aliomba ruhusa kazini, akapika visheti kutwa nzima, akavijaza katika kila bakuli, kila sahani, kila kibia chenye mfuniko wa nyumba nyengine. Kisha akatoka mlango kwa mlango.

"Nimeleta chombo chako. Nnaondoka Jumatatu. Unisamehe nilipokukosea."

Wengine walipokea bakuli na kurudisha mlango. Mmoja alituma mkono tu, uso haukuonekana. Mke wa imamu alisema atamsamehe akirudi, si kabla. Yule wa kamba ya nguo alivihesabu visheti kwa macho akasema, "Ungeniachia nikuchukie kwa raha yangu." Lakini alisema akiwa ameegemea kizingiti, na Salhiya alilipokea hilo kama mazungumzo. Kwa Bi Mashavu alipanda mwisho. Ajuza alimwacha asimame muda mrefu.

"Yule mwanamke," akasema, "anakula nini asubuhi?"

"Sijui bado."

"Hujui anachokula, unakwenda kulala kwake." Akaichukua sahani. "Haya. Umeniaga."

Jumatatu Salhiya alifunga mlango wake mwenyewe, akashusha sanduku mwenyewe, likigonga kila ngazi. Hakuna mlango uliofunguka, ingawa wakazi wote walikuwemo ndani. Alipita vichochoro akilivuta, magurudumu yakipiga kelele kwenye mawe. Kijana wa duka la vinyago, aliyezoea kuwaona watu wakivuta masanduku kama lile, alimwita "Karibu, dada, karibu dukani," kabla ya kumtambua.

Kiembesamaki, uwanja wa ndege ulijaa. Alizijua familia zile bila ya kuambiwa: mzee kwenye kiti cha magurudumu, mtoto mwenye macho ya njano mapajani mwa mama yake, na kila mmoja amezungukwa na ukoo mzima, watu wakilia, wakiombana radhi, wakiingiziana chupa za maji ya dua mikobani. Salhiya alisimama kando yao na sanduku lake. Hakuna aliyemlilia. Alitambua kwamba hivi ndivyo alivyotaka, na kwamba kutaka jambo hakulifanyi jepesi.

Alikuwa karibu na mlango wa ukaguzi simu ilipolia.

"Umeshapita?" Hamid aliuliza.

"Bado."

Ndani ya simu ulisikika upepo wa Bwejuu, na mtu akigonga jiwe kwa nyundo, kisha akaacha.

"Kuna wa kukupokea huko?"

"Yupo."

"Mwanamke?"

"Mwanamke."

"Mtu mzima?"

"Kanizidi mimi."

"Haya." Hakukata. Salhiya naye hakukata. Foleni ilisogea, akasogea nayo, simu sikioni, akisikiliza pumzi za ndugu yake kama zinavyosikilizwa za mtoto aliyelala. Hakumwambia safari njema, naye hakumwomba aseme. Nyundo ilianza tena kugonga, taratibu, jiwe baada ya jiwe.

"Dada, weka simu kwenye trei," askari alisema.

Aliiweka, haijakatwa, katikati ya mkoba na viatu vyake vizito, na ile trei ikaingia ndani ya mashine mbele yake.